Baiskeli Zilizolala Msibani

"Mama Mjumbe, habari za asubuhi. Jengo lako lina upungufu wa vigingi kumi na viwili."

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa na ukuta wa bafuni, mswaki ukiwa bado mdomoni. Hakuna umeamkaje, hakuna pole na msiba. Mratibu, mtambo wa jiji unaosemea ukutani, ana sauti ya binti aliyelelewa vizuri, sauti laini ya mtangazaji wa taarabu, na kila akianza na "Mama Mjumbe" mimi najua linalofuata si jema.

Nikatema povu. "Upungufu gani tena? Mwezi uliopita ulisema tumetimia. Vigingi sitini, baiskeli sitini. Ukaniwashia mpaka taa ya kijani."

"Mwezi huu baiskeli zinazolala hapa ni sabini na mbili. Kwa mujibu wa Kanuni ya Maegesho, kifungu cha..."

"Nakijua kifungu! Usinisomee kifungu asubuhi hii!"

Akanyamaza. Hilo nalo huniudhi. Ukimfokea ananyamaza kwa adabu zote, halafu anaendelea pale pale alipoishia.

"...kila baiskeli inayolala jengoni iwe na kigingi chake cha kuegesha na kuchaji, ghorofa ya chini, mbali na ngazi na milango ya kutokea. Upungufu usipoondolewa kabla ya Ijumaa jioni, vigingi vyote vya jengo vitafungwa. Nimekuandalia suluhisho. Chumba namba mbili cha ghorofa ya chini kinatosha vigingi kumi na vinne. Weka kidole gumba hapa kukubali."

Na pale kwenye kioo, palipokuwa na uso wangu na povu lake, kikatokea kiduara cha bluu cha kuwekea kidole.

Chumba namba mbili ni cha Mzee Mwinjuma.

"Hebu toka kwenye kioo changu," nikasema. "Nataka kunawa."

Watu wakisikia mjumbe wanadhani ni cheo. Mimi ni mjumbe wa Jengo la Tisa hapa Mikumbi kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika, na wenzangu wakanichagua nikiwa bado nipo njiani. Kazi yenyewe ni kugombana. Asubuhi nagombana na wapangaji, mchana na jiji, jioni na ukuta. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Wangesema na hatukanwi, wangekuwa wamenisaidia zaidi.

Nikajifunga kanga ya pili begani, nikashuka ngazi na hasira zangu.

Kanuni yenyewe si ya kijinga, nisiwe mnafiki. Nilikuwepo Jengo la Nne lilipoungua. Watu walikuwa wanachajia baiskeli kwenye ngazi, korido, hata chini ya vitanda, na betri moja iliposhika moto, ngazi ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwaka. Waliokuwa juu hawakupata pa kushukia. Kwa hiyo jiji lilipotunga Kanuni, tukapiga makofi. Likampa Mratibu kazi ya kuisimamia, tukapiga makofi tena. Hatukujua tunampigia makofi nani.

Ukumbi wa vigingi ulikuwa umeshaamka. Vigingi vyetu ni vyuma vifupi vya kufika magotini, na kila kimoja kina kebo inayojichomeka yenyewe gurudumu likikigusa. Mji huu hauna gari ndani tangu mimi msichana. Daktari ana baiskeli, muuza maziwa ana baiskeli, shekhe ana baiskeli. Kigingi kikifungwa, baiskeli iliyo juu yake haitoki, na iliyo nje haichaji, na baiskeli isiyo na chaji magurudumu yake hujikaza yenyewe. Kwa kifupi, Ijumaa jioni watu wangu wote wangekuwa wamefungwa miguu.

Na taa nazo zingekwenda. Jua likishazama, kila baiskeli iliyochomekwa huirudishia jengo umeme kidogo kutoka kwenye betri yake. Ndizo taa zetu, ndizo feni zetu. Tangu msiba uingie chumba namba mbili, jengo letu lilikuwa linawaka kama ukumbi wa harusi, watoto wanasoma mpaka wanafukuzwa kulala. Umeme ule ulikuwa wa wageni. Na wapangaji wangu, Mungu awabariki, walikuwa wanawapisha: huyu betri yake ikijaa anachomoa, anamchomekea mtu wa msibani, kwa zamu, bila hata kuambiwa.

Sasa ndio hao wageni wamekuwa upungufu.

Mbele ya chumba namba mbili palikuwa na turubai, mikeka, na watu wanaamka amka, wanakunywa uji. Mzee Mwinjuma alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, gongo limeegemea ukuta, suruali imekunjwa pale mguu wa kushoto ulipoishia. Kisukari kiliuchukua ule mguu. Sasa kifo kilikuwa kimemchukua na mke.

Wale watu wawili hawakujaliwa mtoto. Lakini mji ulipoyafungia magari nje, watu wazima na heshima zao walikuwa hawajui hata kukaa kwenye tandiko, na jiji likaajiri walimu wa baiskeli. Walimu wenyewe ndio Mzee Mwinjuma na mkewe, Bi Mwamvita. Bi Mwamvita anashika tandiko kwa nyuma, anakimbia na mwanafunzi, buibui linapepea. Mzee amesimama mbele, anapiga kelele: "Angalia mbele! Gurudumu halikimbii, liache!" Halafu bila kukuambia, yule mama anaachia. Nusu ya mji huu waliachiwa tandiko na Bi Mwamvita.

Kwa hiyo alipokufa walikuja. Walikuja na nini? Na baiskeli. Si ndicho alichowafundisha?

Na hawakuondoka. Mfiwa haachwi peke yake mpaka arobaini ipite. Kila jioni, wakitoka kazini, walikuja, wakachomeka, wakakaa. Wengine walilala hapo hapo mkekani, alfajiri wakaenda kazini. Na kila jioni mmoja alikuwa anasimulia siku yake, jinsi Bi Mwamvita alivyomshikia tandiko, alivyoanguka, alivyochekwa. Mzee anasikiliza, anauliza, anasahihisha: "Hapana, siku ile alivaa viatu vya njano." Arobaini ilikuwa Jumatano ya wiki inayofuata. Mratibu hakuweza kungoja Jumatano.

"Jamani mwoneni Mzaramo huyu!" Huyo alikuwa mzee Kashindye, Mnyamwezi, mfupi, ana sauti ya tarumbeta. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. "Kafiwa, lakini uji anakunywa bakuli mbili! Mwamvita alikuwa anakunyima au vipi?"

"Alikuwa ananificha sukari," Mzee Mwinjuma akasema. "Na wewe alikuwa anakuficha mimi, usije ukaniombaomba."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, mabega yakatikisika. Halafu akaniona.

"Mjumbe. Mbona umekunja uso hivyo? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mzee. Usingizi tu," nikasema, nikapita.

*

Afisa wa mipango miji alifika mchana. Kijana wa Kinyakyusa, anaitwa Lwitiko, shati limenyooka, kishikwambi kwapani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na baiskeli?"

"Ndiyo, Mama."

"Kaegeshe kwingine, usije ukahesabiwa mpangaji wangu."

Alitaka kucheka, akaona sina mzaha, akaenda kweli kuiegesha kwingine. Ndipo nikajua ni kijana mwema, na hilo likanitia uchungu zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukalala vizuri.

Tukasimama pembeni ya ukumbi wa vigingi, nikamwambia yote. Msiba, arobaini, Bi Mwamvita. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kupekua kishikwambi.

"Ipo ruhusa ya mikusanyiko ya muda," akasema. "Harusi, siku mbili. Ibada, siku moja. Mashindano ya michezo, wiki nzima. Msiba... upo, Mama! Msiba upo. Siku tatu."

"Siku tatu?"

"Ndivyo ilivyo hapa."

"Mpira wiki nzima, maiti siku tatu?"

"Nadhani walichukua kwenye likizo ya wafiwa kazini, Mama."

"Lwitiko mwanangu. Kwenu Tukuyu mnalia siku tatu mnakung'uta mikeka?"

Akaangalia viatu vyake. "Hapana, Mama."

"Basi mwandikie Mratibu kwamba amekosea."

"Mratibu hajakosea kwenye hesabu. Hahesabu watu, Mama, anahesabu baiskeli. Baiskeli iliyolala mahali zaidi ya nusu ya mwezi, kwake huyo ni mkaazi. Hajui kama mwenyewe alikuja kulia au kupanga."

"Na umeme wanaoturudishia jioni? Huo anaujua?"

"Huo upo kwenye kifungu kingine."

"Ebo! Umeme wao mnaupokea, wenyewe hamuwataki!"

Alifungua picha ya chumba namba mbili kwenye kishikwambi, tayari kimechorwa vigingi kumi na vinne, vimepangwa vizuri, hakuna kitanda, hakuna jiko, hakuna ile picha ya harusi yao iliyopauka. Mratibu alikuwa ameshahamia.

"Mzee hatatupwa," Lwitiko akasema upesi alipoona macho yangu. "Kuna chumba wazi ghorofa ya sita, hapa hapa."

"Lifti yetu inazimika jua likizama. Mtu wa mguu mmoja ghorofa ya sita akishikwa na sukari jioni atashukaje? Kwa dirisha?"

"Au Makao ya Wazee ya Ilindi. Nafasi ipo, na ni bure."

Makao ya Ilindi nayajua. Shangazi yangu alikaa kule. Ni pasafi, pananukia dawa, wazee wamepangwa mstari wanatazama ukuta unaowasimulia habari za hali ya hewa. Shangazi alipoingia alikuwa anagombana na kila mtu. Nilipomtembelea mara ya tatu alikuwa anasema asante kwa kila kitu, hata kwa kikombe kitupu. Nikajua amekwisha. Ndipo mimi nikaapa kwamba mtu wangu mwingine hatakwenda kule.

"Hakuna njia nyingine?" nikauliza.

Alisita. "Ipo. Leo Jumanne. Zile baiskeli za msibani zikikosa kulala hapa leo, kesho na keshokutwa, Mratibu anazifuta. Ijumaa atakuta sitini. Chumba kinabaki."

"Yaani nifukuze watu msibani."

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema."

Akafunga kishikwambi. "Kanuni inataka mkaazi wa chumba aulizwe maoni yake pia. Naweza kuzungumza naye sasa hivi."

Akapiga hatua kuelekea kwenye turubai. Nikamkamata mkono wa shati.

"Huyo mtu ana msiba! Usithubutu kumpelekea habari za vigingi. Nitamuuliza mimi."

"Sawa, Mama."

"Nimesema nitamuuliza."

"Nimesema sawa, Mama."

*

Sikumuuliza. Ningemuulizaje? Mzee Mwinjuma ukimwambia kwamba chumba chake kinawazuia watu sitini kwenda kazini, atafunga virago kabla hujamaliza sentensi. Namjua. Kizazi kile kina heshima zake za ajabu. Mtu yuko tayari kufa kimya kuliko kuitwa mzigo. Nilijiambia, huyu lazima aokolewe bila mwenyewe kujua.

Kwanza nilikwenda Jengo la Kumi kumwomba mjumbe mwenzangu atuhifadhie baiskeli kumi na mbili mpaka Jumatano. Hakunikaribisha hata kiti. "Zikilala kwangu nitahesabiwa mimi," akasema. "Unataka nimtoe nani na mimi? Mama yangu?" Nilitaka kumtukana lakini alikuwa na haki. Nikajaribu vigingi vya soko, vimejaa. Vya msikitini, vinapokea wakati wa swala tu, swala ikiisha vinakusukuma nje. Nilizunguka na jua lile mpaka kisigino kikapasuka, narudi sina kitu.

Ndipo nikamfuata Kashindye. Nikamvuta nyuma ya tangi la maji, nikamweleza yote.

"Wewe ni mtani," nikamwambia. "Mtani anaweza kufukuza watu msibani na hakuna wa kukasirika. Nifukuzie."

Alinitazama sana, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana utani. "Mjumbe, mtani anafukuza ili watu wakae. Hilo hulijui?"

"Jaribu tu."

Akajaribu, masikini. Alichukua sufuria na mwiko, akaingia katikati ya mikeka akigonga. "Enyi msio na kwenu! Wali umekwisha! Mzaramo amefilisika! Chukueni baiskeli zenu mrudi kwa wake zenu, kama bado wanawakumbuka!"

Turubai zima likaangua kicheko. Bi Tausi, muuguzi, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, akamjibu kwamba yeye mumewe ndiye aliyemwomba abaki msibani, apate kupumua. Wakacheka zaidi. Mzee Mwinjuma alifuta machozi kwa kiganja, anacheka mpaka anakohoa. Watu wakajisogeza, wakajipanga vizuri zaidi, mtu mmoja akaongeza kuni. Kashindye akanitupia jicho kwa mbali, sufuria imening'inia mkononi.

Basi ikabaki kazi yangu.

Nikawaita mmoja mmoja mpaka getini, kwa visingizio, Mzee asione. Walipokuwa wengi nikasema. Nilisema vibaya, najua, nilikuwa nimechoka. Niliwaambia baiskeli zao zinamtoa Mzee chumbani. Niliwaambia Kanuni haijui kulia. Niliwaambia wachomoe leo, wasilaze baiskeli hapa tena, na mtu yeyote asimwambie Mzee sababu, maana akijua atakitoa chumba mwenyewe na ataishia Ilindi kutazama ukuta.

Kule nyuma Mzee alisikika anamuuliza mtu, "Wamekwenda wapi wote?"

"Tutakuja kwa miguu," Bi Tausi akasema.

"Kwa miguu!" wengine wakaitikia. "Mguu haulali kwenye kigingi! Mratibu atatuhesabu na nini?" Wakachangamka kabisa, kama vile tumeshashinda. Na mimi mjinga nikachangamka nao.

Halafu wakaenda kumuaga. Hapo ndipo nilipoona kazi niliyoifanya. Mmoja alisema ana zamu ya ghafla. Mwingine, mtoto anaumwa. Mwingine, mgeni kaja kutoka shamba. Kila mmoja na uongo wake, wote niliwatuma mimi, na wote hawajui kusema uongo. Mzee Mwinjuma alikuwa anaitikia tu. "Haya. Haya mwanangu. Asante. Asante sana."

Kebo zikawa zinajichomoa moja baada ya nyingine, kaa, kaa, kaa. Mratibu akanisifu kupitia spika ya ukumbini: "Mama Mjumbe, hali inaboreka."

"Nyamaza," nikamwambia. Akanyamaza kwa adabu.

*

Jumatano walikuja saba kwa miguu. Bi Tausi alifika anahema, viatu mkononi, akakaa kidogo, akaanza kufikiria safari ya kurudi. Watu wa mji huu wamesahau kutembea, na jiji lenyewe limejengwa kwa magurudumu. Kutoka Kilimani kuja kwetu barabara ya baiskeli inapita juu ya bonde, na mwenda kwa miguu anateremka bondeni kwenye matope. Alhamisi alikuja Kashindye peke yake, miguu imevimba. Alijitahidi kumtania Mzee, lakini utani unataka watu wa kucheka. Wawili tu wakitaniana inakuwa kama wanagombana. Akaondoka mapema.

Ijumaa hakuja mtu.

Siwalaumu. Ukimwambia mtu asije na baiskeli, umemwambia asije, ila umetumia maneno mengi. Na mtu akishafukuzwa msibani, hata kwa nia njema, anaona aibu kurudi.

Jioni Mratibu akawasha taa ya kijani juu ya ukumbi. "Hongera, Mama Mjumbe. Jengo la Tisa limetimia. Baiskeli sitini, vigingi sitini. Pendekezo la chumba namba mbili limefutwa."

Nilipiga kigelegele. Ndiyo, peke yangu, ukumbini, mwanamke wa umri wangu. Nilikuwa nimeushinda ukuta! Wiki nzima ya kutukanwa na kuzungushwa, na nimeushinda! Taa za jengo wakati huo huo zikafifia zikawa za njano, maana umeme wa wageni haukuwepo tena, na ghorofani watoto wakaanza kulalamika. Sikujali. Nikapanda kuchukua ugali na mlenda niliopika, nikashuka nao kwa Mzee.

Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Mikeka ilikuwa imekunjwa, imesimamishwa ukutani. Sijui aliikunja vipi na mguu ule mmoja. Turubai lilikuwa bado lipo, chini yake hapakuwa na mtu.

"Karibu, Mjumbe," akasema. Sikutegemea sauti iwe ndogo vile. "Nilikuwa nangoja upite nikuulize. Wewe husemi uongo, huwa unafoka tu. Hawa watu nimewakosea nini?"

Nikaweka sahani chini. Furaha bado ilikuwa inanichemka, nikaona sasa hatari imepita, naweza kumwambia, tena atanishukuru. Nikamwambia yote: vigingi, Lwitiko, siku tatu za msiba, getini, Ilindi. Nilimwambia na ile taa ya kijani.

Alisikiliza bila kunikatisha.

"Kwa hiyo ni chumba," akasema.

"Ni chumba, Mzee. Lakini nimekiokoa. Hakuna wa kukutoa tena."

"Ungeniuliza."

"Ungekitoa!"

"Ningekitoa, ndiyo."

"Si unaona? Ndiyo maana sikukuuliza. Ungekwenda kukaa kule Ilindi, wewe na dawa zako, unatazama..."

"Ilindi wana uwanja wa vigingi mbele," akasema. "Mia mbili. Kanuni iliwalazimisha waweke vya wageni, na wageni hawaji. Vitupu mwaka mzima. Nimefundisha pale, navijua." Alikuwa anaongea taratibu, kana kwamba ananifundisha na mimi. "Wangekuja wote na baiskeli zao, Mjumbe. Wangelala. Kashindye angewaamsha wale wazee wote kwa kelele."

Mimi, Mama Nyemo mwenye mdomo, nikaivuta sahani nikaifunika kwa ncha ya kanga.

"Hizi ni kuta," akaendelea. "Mwamvita hayumo humu. Mwamvita amebaki kwa wale watu, kila mmoja ana kipande chake. Nilikuwa nawasikiliza mmoja mmoja. Nilikuwa bado sijamaliza."

"Nitawaita, Mzee. Kesho asubuhi nitapita nyumba kwa nyumba. Nitamwambia Lwitiko hicho chumba..."

"Watakuja Jumatano. Watakula pilau, wataangalia saa, wataondoka kwa adabu." Akatikisa kichwa. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Usijisumbue."

Ugali unapoa. Juu kwenye dari taa ile ya njano ilikuwa inatetema, sijui nani ghorofani kawasha feni. Nilivuta mkeka mmoja kutoka ukutani, nikautandika, nikakaa chini kabisa, kama wao walivyokuwa wanakaa. Nilitaka kufanya kitu, chochote.

Alinitazama pale mkekani, na kidogo uso wake ukafunguka. Akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Haya, basi na wewe. Wewe alikuachia tandiko wapi? Uwanja wa shule, au kule mnadani?"

Mungu wangu. Ningeweza kutunga. Wiki nzima nilikuwa nimewatuma watu wamdanganye, uongo mmoja zaidi ungekuwa nini? Nikafungua mdomo nitunge, nikamwona alivyoinamisha sikio, tayari kunisahihisha rangi ya viatu.

"Mimi hakunifundisha, Mzee," nikasema. "Nilikuja mjini naijua."

"Aa."

Akapapasa ukuta, akapata gongo lake. Akainuka kwa shida, nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Aliniambia asante kwa chakula. Akaniambia asante kwa chumba. Halafu akaingia ndani, akafunga mlango, na mimi nikabaki mkekani na ugali wake.